Bolti Nilizozikaza Gari Likining'inia

Sehemu ya tano

Mliniacha Jumatatu nikitoka Maili Moja kurudi nyumbani Picha ya Ndege, gari limetoka kupigwa alaimenti, yaani kunyooshwa tairi, karatasi ya mashine mkononi, namba zote za kijani. Nikasema sasa nimepona.

Sikufika hata nyumbani. Gari linakwenda mbele, usukani umekaa upande kama kofia ya mlevi. Ukiunyoosha usukani, gari linaelekea mtaroni. Ukilinyoosha gari, usukani unatazama maduka.

Kwa aliyechelewa kujiunga na mateso haya: jina langu Ashrafu, na gari si langu. Ni Premio ya Mjomba Omary, dereva wa lori, ambaye yuko safari ya Tunduma na atarudi Ijumaa. Aliniachia ufunguo kwa kazi moja tu. Nimfikishe Bibi Tatu kwenye vikao vya baraza la kata kule Marui, Kisarawe; kijacho ni Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Shamba la Bibi la mikorosho linadaiwa na Mwishehe, mtoto wa mdogo wake marehemu babu. Anasema babu alimpa. Bibi ameshakosa vikao viwili. Cha kwanza gari halikuwaka. Cha pili gari lilikuwa juu ya mawe, mimi na fundi tuko chini yake, tunabadilisha springi ili likae chini. Akikosa cha tatu, Mwishehe anasikilizwa peke yake, na shamba kwaheri.

Bibi mwenyewe kwa vikao vyote viwili hakunilaumu hata kwa kope. Nikadhani ni huruma.

Sasa leo nina mawili ya kutubu.

La kwanza. Familia niliiambia naweka springi fupi kwa sababu ya nyonga ya Bibi, ili akifungua mlango aketi tu, asipande. Hata ninyi nimewaambia hivyo wiki nne mfululizo. Kuna mama mmoja wa Mlandizi amenitumia ujumbe akaniombea dua ndefu, wajukuu wote wawe kama mimi. Mama, naomba uirudishe. Nilishusha gari kwa sababu vijana wa pale kituoni waliliita gari la mwalimu mstaafu, na Firdausi, binti ninayemtaka, alikuwepo, na Firdausi alicheka.

La pili nitalisema likifika.

Jumatano asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza kwa Dada Selina, mwenye mashine ya alaimenti. Dada Selina haongei sana na wateja. Anaongea na kioo cha mashine yake. Alivisha tairi zote nne vile vishikio vyake, akarudi kwenye kioo, akakunja mikono. Namba nyekundu kuanzia juu mpaka chini, kama daftari langu la hesabu kidato cha pili.

Nikamkumbusha kwamba Jumatatu zilikuwa kijani.

"Jumatatu nilikwambia springi zikae kwanza siku mbili tatu ndipo ulete gari. Ukasema bibi ana safari."

"Ana safari kweli, dada."

"Springi mpya ni kama mgeni kwenye kochi. Anajisogezasogeza kwanza, ndipo anakaa. Wewe umenipa nimpime wakati bado anatafuta pa kuweka mgongo."

Nikashusha pumzi. Kama ni hilo tu, basi sasa zimekaa, anyooshe tena, niende zangu. Lakini alishachukua tochi, akashuka kwenye shimo chini ya gari. Akakaa huko kimya. Mtu anayekaa kimya chini ya gari lako ni kama daktari anayekuuliza umekuja na nani.

Akaniita nishuke.

Alinionyesha mkono wa chini, kile chuma kinachoshika tairi la mbele, na ile raba inayokaa kati yake na mwili wa gari. Bushi. Raba ilikuwa imejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Ya kulia ilishaanza kuchanika mdomo.

"Nani alikaza hizi bolti?"

"Fundi."

"Fundi gani anakaza bushi gari likiwa limening'inia kwenye jeki?"

Nikainama kuitazama raba. Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. Raba inashikwa pale pale unapoikaza. Ukiikaza mguu wa gari ukiwa unaning'inia, inaamini kuning'inia ndiyo hali yake. Ukilishusha gari chini, unaikamua. Mchana kutwa inataka kurudi ilikotoka, na ikirudi inalivuta tairi.

"Naweza kukunyooshea usukani mara mia," akasema. "Hiyo raba itaupinda tena kabla hujafika kituo cha Kwa Mathias. Mrudie huyo fundi wako."

Nikatoka mle shimoni nikiguna, natikisa kichwa, natoa sauti zote za mtu aliyeponzwa na fundi. Dada Selina akanipa pole.

Haya, la pili ndilo hili.

Wiki iliyopita niliwadokeza mapema kwamba kuna bolti zilizokazwa vibaya, nikasema aliyezikaza ni fundi Magembe. Mmemsema Msukuma wa watu mpaka nimeona haya. Wengine mmeuliza gereji yake iko wapi mkamfuate. Msimfuate. Bolti nilikaza mimi.

Ilikuwa hivi. Springi zimeshaingia, tairi bado hazijafungwa, gari liko juu. Magembe akaitwa mbio kwenda kunasua lori. Akaniachia spana. Na alipokuwa anafuta mikono, aliniambia neno.

Lakini lazima mmjue Magembe kwanza. Yeye Msukuma, mimi Mzaramo. Anayeujua utani wetu hahitaji maelezo. Asiyeujua, aelewe tu kwamba tangu tufahamiane hatujawahi kusalimiana bila tusi ndani ya salamu. Akinikuta nimelala, ananiuliza ngoma iliisha saa ngapi. Nikimkuta amesimama, namuuliza nani amebaki na ng'ombe. Katika miaka miwili hajawahi kuniambia sentensi nzima isiyokuwa na kichekesho.

Sasa siku ile alisema hivi: "Mzaramo, nikikuacha hapa usije ukakaza kitu kinaning'inia. Najua kwenu kila kitu kinaning'inia. Nazi inaning'inia, korosho inaning'inia, hata huyo Firdausi wako ananing'inia tu, hakatai wala hakubali. Acha gari likae chini kwanza, ndipo ukaze."

Nilicheka mpaka nikaegemea pipa. Nikamjibu kwamba Msukuma hajui kuning'inia kwa sababu hakuna tawi la kumbeba. Akaondoka anacheka. Nami, mwenye B yangu ya fizikia, nikashika spana nikakaza bolti zote, moja baada ya nyingine, gari likiwa linaning'inia.

Basi Jumatano nikamwendea nimeshaandaa hasira. Nilitaka anione nimekasirika kabla hajaniona nina makosa. Nikamwambia bushi zimejisokota, Dada Selina ameona, na kesho nina Bibi wa kumfikisha Marui.

Magembe aliendelea kufunga pampu ya pikipiki.

"Nilikwambia," akasema.

"Ulitania."

"Nilitania na nilikwambia."

"Sasa mtu atajuaje, Magembe? Ungesema neno moja kavu, bila nazi."

"Nikikwambia kavu unauliza kwa nini nimenuna. Nikicheka husikii. Bolti haijui utani, Mzaramo. Bolti inajua imekazwa wapi."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri sana. Lakini linahusu ng'ombe, na saa ile sikuwa na uso wa kutaja ng'ombe.

Nimpe haki yake, hakuniacha. Alizilegeza bolti zote. Bushi iliyochanika akaitoa, akaweka nyingine aliyoichomoa kwenye Premio iliyokufa nyuma ya gereji. Kisha akashusha gari likakaa kwa tairi zake juu ya mbao nene nne, ili apate nafasi ya kupenya chini. Akaniuliza Bibi ana uzito gani. Nikasema ni mwepesi, kama gunia la pumba lisilojaa. Akaenda akaleta gunia la pumba lisilojaa, akalikalisha kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akalisalimia shikamoo. Akanikalisha na mimi kwenye usukani. Ndipo akaingia chini na kukaza.

Gereji nzima ilisimama kutazama. Mimi, usukani na pumba.

Alasiri nikarudi kwa Dada Selina. Namba kijani, kasoro moja ya tairi la kushoto iliyobaki njano. Akasema hiyo ni ya mlalo wa tairi, gari likishushwa tairi za mbele hulala kidogo kwa ndani, kwa safari moja haina neno. Akaendesha mwenyewe kwenda na kurudi barabarani. Usukani ulikuwa katikati.

Aliponirudishia ufunguo, akapiga magoti, akapitisha kiganja chake chini ya tumbo la gari. Kilipita kimoja. Alipokiweka cha pili juu yake, hakikupita.

"Marui unakwenda na nini?"

"Na hili hili."

"Limenyooka. Lakini hili ni la lami. Rudisha springi za zamani hata leo, upige safari, kisha utashusha tena."

Nikamwambia hazipo.

Na hazipo kweli. Jamaa aliyenipa springi fupi alizichukua zile za zamani kwa kubadilishana, akasema ana mteja wa huko Kisarawe anazitafuta kama dawa. Nilifurahi kuzitoa. Zilikuwa na ile rangi ya kijani ya Mjomba. Mjomba Omary amelala sana kwenye maegesho ya malori, wezi wamemfundisha. Kila chuma chake anakipiga brashi ya rangi ya kijani: jeki, spana, tairi la akiba, mpaka sufuria ya chai. Springi alizipiga mistari miwili miwili. Niliziona za kishamba.

Dada Selina akasema basi kodi gari refu la mtu. Rahisi kusema. Nikileta gari refu, Bibi atauliza lile fupi lililoshushwa kwa ajili ya nyonga yake lina nini. Mama atauliza. Mjomba atauliza kwa simu, na Mjomba akiuliza kwa simu hata mnara unatetemeka. Uongo wangu ulikuwa umesimama vizuri, sikutaka kuuegemea.

Nikapita kwa Magembe kurudisha lile gunia lake. Akaniuliza nitapita njia gani. Nikamtajia. Yeye huko anakujua, maana baba yake mkubwa, mzee Holo, anafugia Kurui.

"Ukishapita Kurui," akasema, "kuna mahali malori yamechimba pande zote mbili, katikati pamebaki mgongo kama wa ng'ombe wa kiangazi. Usiupande. Shika kulia, njia ya ng'ombe za baba mkubwa. Laini kama godoro. Hapo hata Mzaramo anapita amelala."

Akasubiri nicheke.

Sikucheka. Mtu haumwi na nyoka mara mbili kwenye shimo moja. Nikarudia maneno yake kimoyomoyo, nikatoa na simu nikaandika: baada ya Kurui, mgongo, shika kulia.

Magembe akanitazama kidogo, kisha akaenda kunawa mikono.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni.

Bibi Tatu na mimi tuna utani wetu, ule wa bibi na mjukuu. Ananiita mume wangu, na kama mume hanifurahii hata kidogo. Shida ya Bibi ni kwamba uso wake haubadiliki. Mwaka juzi aliniambia, "Mume wangu, yule jogoo wako nimemchinja." Nikacheka sana. Jioni nikala, nikasifu mchuzi, nikaenda bandani kumfungia jogoo. Banda tupu.

Alivaa khanga mpya, akashika mkoba wake mweusi wa ngozi kifuani kwa mikono miwili. Ndani ya mkoba huo mna karatasi ya babu. Ina dole gumba la babu, la Bibi na la shahidi aliyekwishafariki. Karatasi hiyo ndiyo kesi yote. Hajawahi kuiacha hata akienda msalani.

Nikafungua mlango. Akageuka, akajishusha, akakaa. Hakushika kiuno, hakuguna.

"Mume wangu, Mungu akulipe kwa hili gari," akasema. "Omary angenipandisha kwa ngazi."

Nikafunga mlango taratibu. Nilitamani anitukane.

Kwenye lami, ndugu zangu, nilikuwa mfalme. Usukani katikati, nembo yake imetulia kama picha ukutani. Niliachia mikono nikihesabu moja, mbili, na gari likaenda kama limepigiwa mstari. Wiki tano za taabu zote nikazisamehe. Nikajiambia Alhamisi hii Ashrafu anakuwa mtu.

Tukaacha lami. Tukashika vumbi.

Jiwe la kwanza liligonga chini, ngo. Bibi akaitikia, "Karibu."

La pili, ngo. "Karibu."

Tulipokaribia Kurui alikuwa ameshakaribisha kijiji kizima. Mimi jasho linanitoka, mguu juu ya breki, natafuta pa kupitisha tairi kama mtu anayevuka sebule yenye watoto waliolala. Saa ilikuwa mbili na dakika kumi. Muda upo. Bibi akaniuliza kama huyo ninayemtafuta chini nimeshampata.

Tukapita Kurui. Na kweli, mbele kidogo, mgongo huo hapo. Malori yamechimba kushoto na kulia, katikati pameinuka pagumu, juu yake panang'aa kwa matumbo ya magari yaliyotangulia kukwangua. Kwa gari langu lile lilikuwa jabali.

Nikatazama kulia. Njia ya ng'ombe. Pana, imenyooka, nyasi fupi pembeni, alama za kwato zimekauka juu. Nikamwambia Bibi asiwe na wasiwasi, nimeshaambiwa na mwenyeji.

"Mwenyeji nani?"

"Magembe, fundi. Msukuma wa kwetu pale."

"Mtani wako?"

"Safari hii hakutania, Bibi."

Bibi akakumbatia mkoba wake.

Kwa urefu wa kama gari tatu hivi, ilikuwa godoro kweli. Nikaanza hata kumpigia Magembe hesabu ya zawadi. Kisha lile gamba la juu likapasuka kama ukoko. Chini yake ulikuwa uji mweusi wa mvua za wiki iliyopita, uliokandwa na kwato za ng'ombe mia moja kila asubuhi. Tairi za nyuma zikazama, na tumbo la gari likatua juu ya tuta gumu lililobaki katikati. Nikakanyaga mafuta. Hakuna kilichosogea. Nikateremka kutazama.

Gari lilikuwa limelalia tumbo. Tairi za mbele hazigusi chini. Zilikuwa zinaning'inia.

Nilikaa kwenye nyasi nikampigia Magembe. Nikamwambia niko njia ya ng'ombe, nimekwama, aseme wenyeji wakikwama hapa wanafanyaje. Nikasikia spana inawekwa chini.

"Umepita pale na Premio?"

"Si wewe uliniambia?"

"Ashrafu," akasema.

Tangu tujuane ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu.

"Ashrafu, ile ilikuwa utani. Pale hata mzee Holo mwenyewe hapiti na baiskeli. Nilijua utacheka, nikuambie mshushe Bibi avuke kwa miguu, gari uweke mawe kwenye mifereji, upite tupu. Wewe ukatoa simu ukaandika. Nikadhani unanitania wewe."

Akasema anampigia mzee Holo alete vijana na kamba, lakini mzee yuko machungani, itachukua saa moja, labda na nusu. Saa ilikuwa mbili na nusu. Kikao saa tatu. Kutoka pale mpaka Marui, kwa gari dakika kumi na tano. Kwa nyonga ya Bibi, mpaka mwakani.

Nilianza kuchimba kwa mikono. Nikachimba chini ya mlango, chini ya tumbo, tope mpaka viwiko. Bibi aliendelea kukaa ndani ya gari. Alikuwa anatazama mbele kama abiria anayeamini dereva ameshuka kununua maji.

Ndipo nikasikia gari.

Lilikuwa Premio. Nyeupe, sura moja na letu, lakini limesimama juu kama linachungulia ukuta. Lilikuja taratibu, likafika kwenye ule mgongo, likapandisha tairi moja juu yake, likapanda la pili, likavuka bila kugusa hata jani. Likasimama sambamba nami. Dereva alikata tairi la mbele kuegesha, nami nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, macho yangu yakawa usawa wa springi yake.

Ilikuwa na mistari miwili ya rangi ya kijani.

Nikatazama ya nyuma. Miwili ya kijani.

Mlango ukafunguka, akashuka mteja wa Kisarawe aliyezitafuta springi zangu kama dawa. Mwishehe. Kanzu safi, viatu safi, na faili mkononi.

Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alizunguka akaenda upande wa Bibi, akainama dirishani.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Kikao kimekaribia, na sote tunakwenda huko huko. Siwezi kukupita hapa porini. Twende, mama."

Nikasimama, tope linachuruzika. Nikamwambia asante, mjomba, tunasubiri kamba, tutafika wenyewe. Nikamwambia Bibi kwamba haiwezekani mtu akapanda gari la anayemshtaki. Watu wa baraza wakiwaona wanashuka pamoja watasema wamepatana. Na gari lile ni refu, nyonga je? Niliongea mengi. Mwishehe alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza, kisha akasema kikao cha tatu ni cha tatu, akikosa Bibi ataonekana yeye Mwishehe ndiye aliyemzuia.

Bibi akatoa mguu mmoja nje. Akanyoosha mkono. Hakuunyoosha kwangu.

Mwishehe akaudaka. Akamwongoza juu ya nyasi, akamfungulia mlango wa mbele, na pale nilipongoja Bibi agune kwa maumivu, yule mtu alipiga goti kwenye vumbi na kanzu yake safi, akamshika mguu chini kidogo ya goti, akauinua mara moja, polepole, akauweka ndani. Alijua pa kushika. Mimi ninayeishi naye sijui pa kushika.

Bibi akashusha kioo.

"Mume wangu, acha kujichosha na hilo tope," akasema. "Shamba lenyewe nilishampa Mwishehe tangu babu yako yu hai. Leo nakwenda kumaliza maneno tu."

Uso wake haukubadilika. Mwishehe, nyuma ya usukani, akacheka kidogo. Na mimi nikaanza kucheka, kwa mazoea, kisha nikaacha. Nikakumbuka jogoo. Nikakumbuka vikao viwili alivyokosa bila kulalamika.

Nikamwita. Gari lilishaondoka. Liliondoka limenyooka kabisa, juu ya springi za Mjomba, mpaka kona ikalimeza.

Nikageuka kwenye gari langu lililolala. Mlango wa abiria ulikuwa wazi. Juu ya kiti, palepale alipokuwa amekaa, ulikuwepo mkoba mweusi.

Nikaufungua. Karatasi ya babu ilikuwemo, imekunjwa mara nne, madole gumba yote matatu yako mahali pake.

Kama ametania, hii karatasi ndiyo kesi yake, na atasimama mbele ya baraza mikono mitupu. Kama amesema kweli, basi ameiacha kwa kuwa haihitaji, na nikiipeleka pale mbele ya wazee nitakuwa nimemuumbua Bibi yangu mwenyewe.

Simu ilionyesha saa mbili na dakika arobaini na moja.

Nikavua viatu, nikaubana mkoba kwapani, nikaanza kukimbia. Mpaka nafika ile kona sikuwa nimejua ninakimbia kuupeleka au kuuficha.